Maradhi Yasiyo na Jina Hayatafutiki

Msafiri apitaye Isaka usiku huyaona malori yamepangana kando ya barabara, taa zimezimwa, na ndani ya kabini wamelala watu wawili: dereva na utingo wake. Shehena iliyoshushwa kutoka kwenye mabehewa ya reli ya kati, au iliyokuja kwa barabara tangu Dar es Salaam, inangoja kupambazuke ili iendelee na safari ya Kahama, na kutoka huko hadi Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda, au Kabanga kwenye mpaka wa Burundi, na nyingine mbele zaidi hadi mashariki ya Kongo. Hapa ndipo ilipo bandari kavu, karibu kilomita elfu moja kutoka baharini. Ni mahali pa kupumzikia. Lakini si kila alalaye hupumzika.

Tuchukue mfano wa dereva mmoja, ambaye hatumpi jina kwa kuwa wa namna yake ni wengi. Umri wake umepita miaka hamsini, mwili umenenepa kwa kukaa kwenye usukani muda mrefu, na shingo imejaa. Alilala saa tatu usiku, akaamka saa kumi na moja alfajiri. Yaani amelala saa nane kamili. Hata hivyo ameamka na kichwa kizito na kinywa kikavu, na kabla hajafika Kahama macho yameanza kufumba yenyewe. Utingo anamwambia: "Mzee, jana ulikoroma sana, mara ukanyamaza kabisa. Nilitaka kukuamsha, nikidhani umetutoka. Halafu ukashtuka kama mtu aliyezama akaibuka." Dereva anacheka. Anasema ni uchovu wa safari, anakunywa kahawa, na gari linaendelea.

Wote wawili hawajui kwamba yale maneno ya utingo ni ushahidi ambao daktari wa usingizi angependa sana kuusikia. Na katika mfuko wa shati la dereva kuna simu iliyounganishwa na mtandao wa intaneti, ambamo mna maelezo ya yote yaliyompata usiku ule: chanzo chake, madhara yake, vipimo vyake na tiba zake. Maarifa yako umbali wa kiganja, na bado hayamfikii. Kwa nini? Wengi watajibu kwamba ni gharama ya vifurushi au udhaifu wa mawimbi ya simu. Sikatai kwamba hayo ni vizuizi. Lakini maoni yangu ni kwamba kizuizi cha kwanza ni jina. Dereva huyu hawezi kuyatafuta maradhi ambayo kwa lugha yake hayajapata jina linalojulikana.

Yanayotokea usingizini

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze maradhi yenyewe. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengi kulegea huko hakuna madhara. Kwa wengine, ulimi na nyama laini za nyuma ya kaakaa huporomoka na kuiziba njia ya hewa. Kifua huendelea kupanda na kushuka kikijitahidi kuvuta pumzi, lakini hewa haipiti. Oksijeni katika damu hupungua. Ubongo hutambua hatari na kumshtua mlalaji kwa muda mfupi sana. Misuli hukaza, njia hufunguka, na hewa huingia kwa kishindo cha mkoromo. Mlalaji hurudi usingizini, na baada ya kitambo njia huziba tena. Ipo pia aina nyingine, isiyo ya kawaida sana, ambapo koo liko wazi lakini ubongo wenyewe haupeleki amri ya kuvuta pumzi.

Wataalamu wamekubaliana kuhesabu kila mkatiko wa pumzi uliodumu sekunde 10 au zaidi, pamoja na nyakati ambapo hewa haikukatika kabisa bali ilipungua sana. Mikatiko 5 hadi 14 kwa saa huitwa hali nyepesi. 15 hadi 29 hali ya kati. 30 na kuendelea hali kali. Mtu mwenye mikatiko 30 kwa saa, akilala saa nane, pumzi yake imekatika mara 240 kwa usiku mmoja. Asubuhi hakumbuki hata mmoja. Hii ndiyo sababu mgonjwa huwa shahidi mbaya wa ugonjwa wake mwenyewe, na habari zake huletwa na mkewe, mumewe, mama yake, au utingo wake.

Madhara yake si kuwasumbua wenzake tu. Maradhi haya hufungamana na shinikizo la juu la damu, na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na kiharusi. Kwa mtu ashikaye usukani hatari ni ya karibu zaidi: tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba madereva wenye maradhi haya hupata ajali takriban mara mbili au zaidi ya wasio nayo. Katika ukanda huu wetu wa Shinyanga na Geita wapo pia waendeshao mitambo mikubwa migodini zamu za usiku, ambao kusinzia kwa sekunde tatu kwao si jambo dogo. Wala watoto hawakusalimika. Mtoto mwenye mafindofindo makubwa aweza kuziba koo usiku, na watoto wenye selimundu, ugonjwa ulioenea sana katika Kanda ya Ziwa, hupatwa na hali hii zaidi kuliko watoto wengine.

Mwaka 2019 jarida la kitabibu la The Lancet Respiratory Medicine lilichapisha makadirio kwamba watu wazima wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana maradhi haya kwa kiwango fulani, na kati yao milioni 425 wana hali ya kati au kali. Makadirio hayo yalijengwa juu ya tafiti za nchi 16 tu, kisha yakapanuliwa kwa hesabu ili yafike nchi nyingine. Hata tukiyapunguza kwa tahadhari, hatuwezi kusema kwamba ni maradhi ya watu wachache wa mbali.

Dereva aingia mtandaoni

Sasa tumrudie dereva wetu. Tuseme maneno ya utingo yamemkaa moyoni, na jioni, akingoja chakula kwa mama lishe, anaitoa simu yake na kuanza kutafuta. Je, ataandika nini?

Huenda akaandika "kukoroma sana". Hapo aghalabu atakutana na wauzaji wa mafuta, mizizi na vidonge vya kunyamazisha mkoromo, ambao humwahidi mengi bila kumpima. Mkoromo unaweza kutulia na koo likaendelea kuziba. Huenda akaandika "kusinzia mchana". Huko yumkini atapelekwa kwenye malale, ugonjwa uletwao na mbung'o, ambao katika mapori ya Tabora na Kigoma una historia ndefu, na ambao hauna uhusiano wowote na koo lake. Au ataandika "kukabwa usingizini", naye ataletewa habari za jinamizi. Jinamizi ni jambo jingine: huko mtu huamka akili zake zikiwa timamu, asiweze kutikisa kiungo, wa kwetu haamki kabisa, wala hajui lililompata. Kwa hiyo dereva amebisha mlango mara tatu, na mara zote tatu amefunguliwa nyumba isiyokuwa yake.

Tusiilaumu mitambo ya kutafutia habari. Kazi yake, kwa asili, ni kama ya karani wa masjala: huyasoma maandishi yaliyopo, hupanga orodha ya maneno yaliyomo, na mtu akiuliza hulinganisha maneno yake na orodha hiyo. Siku hizi mitambo imeongezewa uwezo wa kukisia maana, hata kutafsiri, lakini haiwezi kuleta ukurasa ambao hakuna aliyeuandika. Na kwa Kiswahili, waandishi wachache waliogusia maradhi haya kila mmoja amejibunia jina lake. Huyu asema "kukosa pumzi usingizini", yule "kusimama kwa pumzi", mwingine amelichukua neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake kutokuwa na pumzi, akaliandika "apnia ya usingizi". Mimi hapa nimetumia "kukatika pumzi usingizini", wala silipigii debe. Kila jina lina hoja yake. Lakini maarifa machache yakigawanywa kwa majina manne huwa machache zaidi.

Wenzetu nao walianza gizani

Tusidhani kwamba kukosa jina ni aibu ya Kiswahili peke yake. Mwandishi Charles Dickens wa Uingereza, katika hadithi aliyoianza mwaka 1836, alimchora kijana mnene aitwaye Joe, aliyekuwa akisinzia hata akisimama mlangoni na kukoroma akiandaa meza. Wasomaji walicheka miaka mia moja na ishirini bila kujua wanamcheka mgonjwa. Mwaka 1956 ndipo madaktari wa Marekani walipoeleza hali ya mgonjwa wao mnene na msinziaji, wakaiita kwa jina lililotokana na hadithi hiyo. Mwaka 1965 watafiti wa Ufaransa na wa Ujerumani, kila kundi kwa njia yake, walipima pumzi za walalaji na kuona jinsi zinavyokatika. Na mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford walilipa kundi hili la dalili jina ambalo limetumika hadi leo. Miaka minne baadaye, mwaka 1980, daktari Colin Sullivan huko Sydney, Australia, alimvisha mgonjwa barakoa iliyounganishwa na mashine ya kusukuma hewa puani, ili hewa hiyo ilizuie koo lisiporomoke. Matokeo yalitangazwa mwaka 1981, na mashine za aina hiyo ndizo tiba kuu ya hali kali hata sasa.

Angalia mfuatano huo. Koo la binadamu halikubadilika kati ya 1836 na 1976. Kilichobadilika ni kwamba visa vilivyokuwa vimetawanyika, vingine katika hadithi, vingine katika mafaili ya hospitali, vilikusanywa chini ya jina moja, na baada ya hapo mtafiti wa Australia aliweza kusoma kazi ya mtafiti wa Ufaransa na kujua kwamba wanazungumzia jambo lile lile.

Wakutubi walisaidia kazi hiyo. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilianza mwaka 1960 kuchapisha orodha ya vichwa vya maneno ya tiba, ambamo majina yote ya ugonjwa mmoja hufungwa pamoja. Hata Kiingereza chenyewe kinahitaji msaada huo, maana Wamarekani huandika apnea na Waingereza apnoea; asiyejua hilo aweza kukosa nusu ya maandishi. Orodha hiyo ndiyo inayoongoza PubMed, hazina ya muhtasari wa makala za kitabibu iliyofunguliwa bila malipo kwenye intaneti tangu mwaka 1997. Aandikaye jina lolote kati ya hayo hupelekwa penye mengine.

Sisi wenyewe tunao ushahidi wa nguvu ya jina. Ugonjwa wa UKIMWI ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983, watu waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikivuma sokoni. Jina hilo lilibeba uvumi, halikubeba maarifa. Jina la UKIMWI, upungufu wa kinga mwilini, lilikuja na maelezo ndani yake, likaingia shuleni, redioni na kwenye mabango, na mtu wa kijijini akaweza kuuliza swali akajibiwa. Jina halikuponya mgonjwa, lakini bila hilo mazungumzo yasingeanza.

Habari kamili na habari nusu

Yupo atakayesema: dereva na ajifunze Kiingereza, mambo yaishe. Tumpe Kiingereza hicho, tuone. Atakuta habari tele, na miongoni mwake nyingi hazina budi kusomwa kwa uangalifu.

Mwezi wa Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziondoa sokoni mamilioni ya mashine za kusukuma hewa, kwa sababu povu lililowekwa ndani ili kupunguza kelele lilikuwa likimomonyoka, na chembe zake zingeweza kuvutwa mapafuni. Mtu wa Afrika Mashariki akiletewa na nduguye wa Ulaya mashine iliyokwisha kutumika, habari hii inamhusu kuliko matangazo yote ya wauzaji. Mwenye kuijua ataisoma namba ya mashine kabla ya kuivaa. Asiyeijua atashukuru na kulala nayo.

Mwaka 2016 kulichapishwa utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa 2,717, ambao tayari walikuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo. Ilionekana kwamba mashine ya hewa haikupunguza idadi ya mishtuko ya moyo na viharusi katika kundi hilo. Msomaji wa kichwa cha habari angesema "mashine haifai". Msomaji wa habari kamili angeona kwamba wagonjwa walilala na mashine kwa wastani wa saa tatu na kidogo tu kwa usiku, na kwamba mikoromo na kusinzia mchana kulipungua. Kwa dereva wa lori, hicho cha mwisho ndicho swali lenyewe.

Na mwezi wa Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya sindano iitwayo tirzepatide kwa watu wazima wenye unene uliopindukia walio na hali ya kati au kali ya maradhi haya, itumike pamoja na mpango wa chakula na mazoezi. Habari hiyo ikipita midomo mitatu huwa "imepatikana sindano ya kuponya mkoromo". Masharti yote yameanguka njiani.

Kwa hiyo kuifikia habari ni hatua mbili: kuipata, na kuielewa kwa mipaka yake. Kiingereza cha kuulizia njia hakitoshi kwa hatua ya pili. Zaidi ya hayo, PubMed hutoa muhtasari. Makala kamili nyingi hufungwa na wachapishaji mpaka zilipiwe. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2002 mpango uitwao Hinari, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo nafasi ya kusoma majarida hayo bure au kwa bei nafuu. Lakini mlango huo hufunguliwa kwa taasisi iliyojiandikisha, haufunguliwi kwa mtu mmoja mmoja. Daktari wa hospitali au mwanafunzi wa tiba aweza kuingia, dereva hawezi. Basi aliyeingia ana deni kwa aliyebaki nje.

Hoja mbili za kujibiwa

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye malaria na kifua kikuu haina nafasi ya kuzungumzia mikoromo. Hoja hii ina uzito, wala siibezi. Zahanati yenye muuguzi mmoja haiwezi kutandika nyaya za kupimia usingizi. Lakini ninachokiomba hapa si mashine kwanza. Ninaomba maneno, nayo maneno hayapunguzi dawa ya malaria hata kidonge kimoja. Na baadhi ya msaada hauna gharama kubwa: kupunguza uzito, kulala ubavu badala ya chali, kuacha pombe kabla ya kulala, kumpeleka kwa daktari mtoto anayekoroma kila usiku. Zaidi ya hapo, mtu anayetibiwa shinikizo la juu la damu mwaka hadi mwaka bila nafuu, na hajaulizwa hata siku moja analalaje, naye anatumia dawa za umma.

Wengine wataogopa kwamba wananchi wakipewa habari hizi watajitangazia ugonjwa, na madereva watazificha dalili zao wasipoteze kazi. Hofu ya kwanza ni ndogo. Anayedhani anaumwa huenda kupimwa, na kipimo humtoa wasiwasi. Hofu ya pili ni ya kweli. Dereva akijua kwamba kusema "nasinzia" ni kujifukuzisha, atanyamaza hata awe amesoma vitabu vyote. Kwa hiyo matajiri wa malori na wakuu wa migodi hawana budi kuelewa kwamba maradhi haya hutibika, na kwamba dereva anayetibiwa ni salama kuliko dereva anayeficha. Hilo nalo halitaeleweka kabla halijaandikwa katika lugha wanayozungumza matajiri na madereva pamoja.

Kipi kifanyike

Pendekezo langu la kwanza ni kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, likishirikiana na madaktari wa koo, mapafu na mishipa ya fahamu: lisanifishe jina moja la maradhi haya, na kando ya jina hilo liorodheshe yale mengine yanayotumika, ili aandikaye lolote afike pamoja. Wakutubi wetu waweza kuifanya kazi hiyo kwa magonjwa mengi, wakianza na yale ambayo mgonjwa hawezi kuyaona mwenyewe.

La pili ni kwa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mtafiti wa afya aombapo kibali cha kufanya utafiti nchini, iwe sharti kwamba kazi ikimalizika ataandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye tarehe na jina la taasisi, ukieleza kilichopatikana na kisichopatikana. Ukurasa huo uwekwe mahali pa wazi kwenye intaneti, uwe mwepesi ili simu ya bei ndogo iweze kuufungua.

La tatu ni kwetu sisi tunaoandika. Tuanzie kwenye dalili, tusianzie kwenye jina. Mgonjwa hajui jina. Anajua mkoromo, kichwa kizito na usingizi wa mchana. Ukurasa usiotaja mkoromo katika mstari wake wa kwanza hautaonekana na anayekoroma. Ili nisidaiwe kwamba nasema yasiyowezekana, hapa nayaweka kwa maneno ya kawaida yale maswali manane yaliyotungwa na Frances Chung na wenzake huko Toronto, Kanada, mwaka 2008, ambayo hospitali nyingi duniani huyatumia kuchuja wanaohitaji kupimwa:

Je, unakoroma kwa sauti inayosikika nje ya mlango uliofungwa? Je, mchana unajisikia mchovu au unasinzia mara kwa mara? Je, yupo aliyekuona pumzi ikikatika ukiwa usingizini? Je, una shinikizo la juu la damu, au unatumia dawa zake? Je, unene wako umepindukia kiwango? Je, umri wako umepita miaka 50? Je, shingo yako ni nene? Je, wewe ni mwanamume?

Mwenye "ndiyo" mbili au chini ya hapo uwezekano wake ni mdogo; tatu au nne, ni wa kati; tano na zaidi, ni mkubwa, naye afanye haraka kumwona daktari. Maswali haya hayathibitishi ugonjwa. Uthibitisho hutolewa na kipimo cha usingizi, kinachoandika pumzi, oksijeni na mawimbi ya ubongo usiku kucha. Lakini mwenye majibu hayo huingia chumba cha daktari akiwa na jambo la kusema, badala ya kusema tu "nimechoka".

Na mpaka kurasa hizo zitakapopatikana, anayetafuta habari hizi leo azingatie mambo matatu. Aangalie nani ameandika: hospitali, chuo, wizara au shirika la afya, au muuzaji. Aangalie tarehe, maana mashine iliyosifiwa mwaka 2020 yaweza kuwa iliondolewa sokoni mwaka 2021. Na aangalie kama mwandishi amesema mipaka ya habari yake. Asiyetaja mipaka aghalabu anauza kitu.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Msemo huo una mahali pake penye mafumbo na mashairi, lakini sayansi ikiufuata itawaacha nje watu wale wale wanaoihitaji. Dereva wa Isaka ameambiwa na utingo wake jambo la kweli, kwa Kiswahili fasaha, bila neno moja la kigeni. Utingo amefanya kazi ya nusu ya daktari. Nusu iliyobaki ni yetu: kuhakikisha kwamba jioni ile, akiyaandika maneno yale yale ya utingo katika simu yake, "anakoroma halafu ananyamaza", atafunguliwa mlango ulio wake kabla hajarudi barabarani.